Ngojamaliko wa Kwenye Matete

Kwako kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi chako cha vumbi la stoo kimepungua. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Magoti bado yanamsumbua akiinuka asubuhi, lakini akishazoea kusimama anaendelea na kazi yake ya kushona vifungo vya watu. Bado tunakaa kile chumba kimoja nyuma ya duka la mikate. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, na joto la tanuri ndilo linalotuamsha. Kila nikirudi kazini mama ananiuliza kama umeandika, nami namjibu kwamba una shughuli nyingi. Ona nilivyo dada mwema.

Pengine unashangaa kupata barua badala ya simu. Nimekupigia mara nyingi, na kila nikimtaja baba mtandao wako unaanza kusumbua, kisha unakata. Karatasi haikatiki hivyo, ndiyo maana nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi. Tafuta mahali ukae uisome yote, maana ina habari nzuri.

Habari ya kwanza ni kwamba nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya, na aliyenipa ni baba mdogo. Ndiyo, huyo huyo. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye kibanda changu cha rangi, amevaa ile miwani yake mikubwa ya kahawia, akajifuta jasho, akaniita mwanangu. Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu tumzike baba. Akanieleza kwamba nyumba yetu, samahani, yeye alisema nyumba yake, amevunja kuta za ndani na kuifanya ukumbi wa sherehe. Uani, palipokuwa karakana ya baba, ameweka meza na taa za rangi, na ule ukuta mrefu wa upande wa bwawa anataka uchorwe ndege wa majini. Akasema damu nzito kuliko maji, ya kale tuyazike, na ukoo wote utakuja siku ya ufunguzi uone kwamba kati yetu hakuna kinyongo. Yaani alitaka kinyongo changu kimpambie ukuta. Nikamjibu kwamba nitaifanya kazi hiyo kwa moyo wangu wote.

Nilipomuuliza anataka ndege gani, akasema bata. Nikamuuliza bata wa aina gani. Akanikodolea macho kama mtu aliyeulizwa maji ni ya rangi gani. Bata ni bata, akasema, watu wanakuja hapa kula bata, basi na wawaone bata. Kisha akaniruhusu kuongeza makorongo kidogo kwa ajili ya urembo. Kaka, alipoondoka nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu amezaliwa kando ya bwawa lile lile, ameota mvi kando ya bwawa lile lile, na mpaka leo kwake kila kinachoelea ni bata na kila chenye miguu mirefu ni korongo. Hapo ndipo nilipojua kwamba Mungu hakunipa kazi tu, amenipa ukuta.

Unakumbuka baba alivyotufundisha. Mchana akizima mashine ya kuchomelea, anageuza pipa na kukaa juu yake, anakula huku macho yako bwawani. Wewe ulipenda kuwataja ndege kwa rangi zao, na ulikuwa unakosea kila siku. Baba akawa anakwambia kwamba rangi ni nguo, na nguo hubadilishwa. Ndege mtambue kwa anavyosimama, anavyokula, na anavyoondoka akiona mtu. Mimi nilishika somo hilo kwa ajili ya ndege. Ukubwani nikaona kwamba kwa watu linafaa zaidi.

Basi nikachora. Sikumwekea ndege hata mmoja unyoya asio nao, naapa. Mama mdogo, mkewe, alikuwa anapita na chai kunichunguza, nikamweka majini mbele kabisa kama kukuziwa: mwili mweusi, paji la uso jeupe kama la mtu aliyejipaka poda akasahau kuieneza, na anafukuza wenzake wote wanaokaribia majani yake. Yeye mwenyewe alisimama akamsifu, akasema ana uso wa heshima. Wale watu wetu wa ukoo wanaomfuata baba mdogo popote aendapo nikawafanya yangeyange, weupe, wasafi, wanatembea nyuma ya miguu ya nyati wakingoja wadudu wanaorushwa na kwato zake. Marehemu fundi saa, yule mwenzake baba mdogo wa drafti, nikamweka juu ya kigogo kama mnandi, amenyoosha mabawa pande mbili kama alivyokuwa akinyoosha mikono akisimulia ushindi wake. Shangazi nikamfanya mwari, mkubwa na mzito, na lile fuko lake chini ya mdomo, kwa sababu shangazi hajawahi kutoka nyumbani bila mkoba, wala hajawahi kumeza neno bila kulitunza kwanza.

Katikati ya ukuta, mahali ambapo kila anayeingia lazima atazame, nikachora mti, na kwenye mti kiota. Unakijua kiota kile. Ni kikubwa kama kibanda, kimejengwa kwa vijiti na matope, kina paa na mlango. Ndege anayekijenga ana rangi ya udongo mtupu, hana urembo wowote, ila kichwa chake kina umbo la nyundo. Jina lake ni fundichuma. Baba alikuwa akicheka kila akimwona, anasema yule pale ni mwenzangu kazini. Anajenga msimu mzima, yeye na jike lake, na huwezi kujua yupi ni yupi kwa sababu wanabeba mizigo sawa. Kisha akishamaliza anakuja bata bukini, ambaye ana nguvu na sauti, anaingia kiotani na kuketi. Fundichuma hana la kufanya. Baba alituonyesha jambo hilo kwenye mti wa ng'ambo ya bwawa, nami nilirusha jiwe, akanizuia.

Bata bukini nilimchora mlangoni mwa kiota, kifua mbele. Wewe unajua alivyo: ana duara la kahawia kuzunguka jicho, mithili ya mtu aliyevaa miwani. Dume lake halilii, linafoka kwa sauti ya kukwaruza. Sikuongeza kitu. Mungu alishamchora baba mdogo zamani, mimi nimenakili tu. Chini ya mti, kwenye tope, nikamweka fundichuma jike peke yake, ameinua kichwa anatazama kiota chake. Kwa muda wote wa kazi baba mdogo alikuwa anapita na wageni wake, anawaonyesha yule bata mkubwa wa katikati, anasema huyo ndiye anayempenda kuliko wote. Hata picha alipiga naye. Wote wawili wamevimba kifua.

Sasa nakukumbusha mambo unayoyajua, nawe usiruke mstari hata mmoja. Siku baba alipozidiwa, ilikuwa mchana kweupe. Mama alikutuma wewe kwa baba mdogo, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa na gari. Hukuwa mtoto, kaka, ulikuwa na ndevu. Mimi nilibaki nimeshika kichwa cha baba, na mama amesimama mlangoni akitazama njia. Ulirudi wakati baba hahitaji tena gari. Kwenye msiba, baba mdogo akasimama mbele ya watu wote akasema mama alimficha mgonjwa ndani ili afe abaki na nyumba, kwamba yeye hakuitwa wala hakuambiwa. Mama akasema alimtuma mwanawe. Wazee wakakugeukia. Nawe ukainua kidevu juu, kama ulivyokuwa ukifanya tangu utotoni ukiogopa, mpaka watoto wenzetu wakakubandika jina la Shingo, ukayatazama mabati ya paa, ukasema ulikwenda ila hukumkuta.

Neno lile moja, hukumkuta, ndilo lililomtoa mama kwenye nyumba ile akiwa na sanduku moja na cherehani. Mpaka leo akipita sokoni kuna wanawake wanaoacha kuongea. Kinachonichoma zaidi ni kwamba yeye anakuamini. Amejiambia kwamba ulikimbia sana, ukakuta mlango umefungwa, na anakuonea huruma kwa ajili ya zile mbio. Usiku huwa anasema maskini mwanangu, alichoka bure. Mimi nalala upande wa pili wa kitanda, nauma shuka.

Kwa sababu mimi naujua ukweli. Baada ya mazishi ulinivuta nyuma ya tangi la maji ukalia kama mtoto mchanga. Ukaniambia kwamba ulimkuta. Alikuwa barazani kwake anacheza drafti na fundi saa, funguo za gari ziko mezani kando ya kete. Ulimwambia baba amezidiwa. Hakuinua hata uso, akakwambia ngoja nimalize. Nawe ukangoja. Ulisimama pembeni kama mwenye kuja kuazima kiberiti, mchezo ukaisha, ukaanza mwingine. Ukaniambia kwamba msibani, kabla ya wazee kukuuliza, alikushika bega akakwambia kuna nafasi ya kazi kwenye stoo ya vipuri, mji wa mbali, kwa kijana anayejua kutunza maneno. Kisha ukanishika mikono, ukaniapisha kwa kaburi bichi la baba kwamba mdomo wangu hautalitoa neno hilo. Nikaapa. Nilikuwa nakupenda kuliko mtu yeyote.

Nimekitunza kiapo changu, kaka. Mdomo wangu haujasema kitu mpaka leo. Mikono haikuapa.

Turudi kwenye ufunguzi, maana nakuona unatokwa na jasho. Watu walijaa, ukoo mzima, majirani wa zamani, wateja wa baba waliobakia. Mama hakwenda; alisema anamwachia Mungu, nikamwambia sawa, na mimi nitamsaidia Mungu kubeba. Mshereheshaji alikuwa kijana mchangamfu aliyekodiwa, hamjui mtu. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyetoa wazo kwamba wageni wachangamshwe kwa mchezo wa kutambua ndege wa ukutani, na mchoraji awepo kusahihisha. Mtu anajichimbia shimo halafu anakuomba umshikie taa!

Mwanzo walicheka sana. Kila mtu alikuwa anapiga kelele bata, bata, korongo, korongo, nami nawasahihisha kwenye kipaza sauti: huyu kukuziwa, huyu kibisi, anazama hapa anaibukia kule, huyu mnandi. Nilipotaja mwari, shangazi alitaka kujua kwa nini ndege yule ana mkoba kama wake, na aliposikia jina akasema kwamba uzee wote huu hatimaye ameitwa mwari, basi waoaji wajipange. Ukumbi ukavunjika mbavu. Mshereheshaji akafika kwenye kiota akauliza mwenye nyumba hii ya fahari ni nani. Nikasema ni fundichuma.

Vicheko vikapungua, vikianzia meza za mbele kwenda nyuma. Pale hakuna asiyejua kwamba kwa maisha yake yote baba yetu hakuitwa jina lake, aliitwa Fundi Chuma. Yule kijana, masikini, hakuelewa, akauliza tena huyu aliyekaa mlangoni ndiye fundichuma mwenyewe. Nikamjibu kwamba hapana, huyo ni bata bukini, kwenye mti huu hakujenga kitu, amemtoa mwenyewe ndipo akaingia. Kijana akacheka peke yake. Akasema huyu bata naye ana miwani, tena kama ya mwenye ukumbi.

Ningependa ungekuwepo. Baba mdogo alisimama, akafungua mdomo, na kwa hasira sauti ikamkauka, ukatoka mkwaruzo mtupu. Kaka, alifoka! Alifoka kama dume la bata bukini, mbele ya ukoo mzima, chini ya picha yake. Mpishi aliyekuwa amebeba sinia alilazimika kuliweka chini acheke. Wale yangeyange wa ukoo wakaanza kutazama viatu vyao. Mimi nilikuwa nimesimama na kipaza sauti mkononi, na sitakudanganya, ilikuwa tamu. Nimeingoja ladha hiyo miaka, na haikunikinaisha.

Usiku ule ule alinitaka niupake ukuta chokaa. Nikamwambia ni wake, apake mwenyewe. Mpaka leo hajapaka. Akifuta, watu watasema amejitambua. Akiuacha, ataamka nao kila siku na kula nao kila siku. Tena ukumbi unajaa, ila wanaokuja hawaji kula bata, wanakuja kumtazama.

Hiyo ndiyo habari nzuri. Iliyobaki ni yako.

Kwenye pembe ya kushoto ya ukuta, mahali penye matete marefu, nilichora ndege mmoja wa mwisho ambaye wageni wengi hawakumwona. Ni wa rangi ya majani makavu, ana michirizi shingoni. Anapoogopa harukii mbali wala hapigani. Anasimama katikati ya matete, ananyoosha shingo, anainua mdomo juu kuelekea mawinguni, anatulia hivyo akiamini kwamba kwa kuwa yeye hakutazami, na wewe humwoni. Ulikuwa unapita karibu yake kila siku tulipokuwa wadogo bila kumwona, na baba alikuwa anacheka. Anaitwa ngojamaliko. Sijui aliyempa jina hilo alikusudia nini. Mimi kila nikilisikia nasikia ngoja nimalize. Miguuni pake nimemwekea kokoto, moja nyeupe, moja nyeusi, zimepangwa kama kete juu ya ubao. Ndicho kitu pekee kwenye ukuta ule nilichokiongeza kwa makusudi yangu.

Shangazi ndiye aliyemwona. Watu walipokuwa wanatawanyika alikwenda pembeni na mkoba wake, akainama, akakaa pale muda mrefu. Akaniuliza jina la ndege, nikamwambia. Akaniuliza mbona kidevu hicho anakijua. Akaniuliza kete za drafti zinafanya nini kwenye matete. Nikamwambia shangazi, niliapa kwa mdomo wangu, usiniulize mimi, muulize mwenye shingo. Akanitazama, akazitazama zile kokoto, akageuka akamtazama mnandi juu ya kigogo, kisha bata bukini kiotani. Shangazi hakusoma sana lakini baba ni kaka yake, na somo la kutambua ndege walilipata pamoja. Akafunga mkoba wake.

Amekata tiketi ya basi, kaka. Barua hii imemtangulia kidogo tu. Huenda unapoisoma yuko njiani, amekaa dirishani, mkoba mapajani. Atagonga mlango wako, atasalimiana na shemeji, atawabusu watoto, kisha atakuuliza swali moja, lile lile uliloulizwa na wazee: ulimkuta au hukumkuta? Ninajua huko kwako paa ni la zege, hakuna mabati ya kutazama.

Usinilaumu kwamba nimekufanyia ukatili. Nimekusudia. Baba mdogo ni adui, na adui anapokuuma anafanya kazi yake. Wewe ulikuwa wetu. Kwake yeye nilitumia brashi kubwa. Kwako nilitumia ile nyembamba kuliko zote, unyoya kwa unyoya, na nilikuwa nalia.

Ndege wote wa ukuta ule nimewamaliza isipokuwa ngojamaliko. Mdomo wake nimeuacha bila rangi, kiwambaza kitupu. Shangazi akirudi na neno lako, nitajua la kufanya. Ukisema ulimkuta, nitamwambia mama mwenyewe, kwa maneno yako, kisha nitampeleka mpaka pale ukutani, nami nitamchorea ndege yule mdomo uliofunguka mbele ya macho yake. Ukitazama juu, nitauchora umefungwa, na chini ya miguu yake, pale kwenye kokoto, nitaandika kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani jina lako lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Nisalimie shemeji na watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Mama anasema usiache kunywa maji ya moto kwa ajili ya kikohozi, na anakuombea. Rangi yenyewe ninayo bado, nimeifunika isikauke.

Ni mimi mdogo wako uliyemfundisha kushika penseli,
mchora kuta.